KIWANJA CHA NYUMBA: NAMNA WAHINDI WANAVYOULIZA UDONGO



Katika likizo ya Pasaka mumoja wetu alikuwa katika duka moja la muji, kununua madaftari, na pale alisikia mabishano. Mutu mumoja mwenye kuuzisha viwanja alikuja kumuonyesha mwenye duka, ambaye ni Muhindi, parseli iliyo karibu na barabara kubwa. Bei haikuwa mbaya, bomba la maji liko karibu, na hati zote zilikuwa tayari. Muhindi alitazama karatasi ya mapimo, akaigeuza, akaitazama tena, kisha akasema: «Hapana. Iko na pembe tatu.» Wakaachana. Yule mwenye kuuzisha alipofika inje alicheka sana, akasema mutu anayekataa parseli ya namna ile juu ya pembe tu, huyo ana feza kupita akili.

Mwenzetu alituletea habari hii katika kikundi cha jeografia, na sisi vilevile tulicheka. Mwalimu wetu hakucheka. Aliuliza: «Munajua juu ya nini alikataa?» Hakuna aliyejua. «Basi mutafute kwanza, kisha mutacheka.» Tumetafuta muhula muzima, na leo tunawaandikia kile tulichokipata. Kucheka, tumecheka bado, lakini si pahali pote tulipofikiri.

Desturi aliyoifuata yule Muhindi inaitwa vastu. Katika Kisanskriti, luga ya zamani ya India, neno hili ni la pahali pa kukaa: kiwanja pamoja na nyumba inayosimama juu yake. Elimu yenyewe wanaiita vastu shastra. Musifikiri ni kitabu kimoja. Ni vitabu vingi, vya karne mbalimbali, na mara nyingine havipatani. Varahamihira, mujuzi wa nyota wa karne ya 6, alitia katika kitabu chake kikubwa, Brihat Samhita, sura nzima juu ya nyumba na viwanja. Upande wa kusini kuna Mayamata na Manasara. Kitabu kingine kinahesabiwa kuwa cha mufalme Bhoja, aliyetawala Dhar katika karne ya 11. Katika jimbo la Kerala maseremala wangali wanafuata Manushyalaya Chandrika, kilichoandikwa katika karne ya 16. Na kwa sisi tunaosoma Kifaransa iko bahati moja: Mufaransa Bruno Dagens alitafsiri Mayamata, ikachapwa kule Pondichéry katika vitabu viwili, cha 1970 na cha 1976.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni hili: katika vitabu hivi mutu haanzi na nyumba. Anaanza na udongo, na anakaa nao siku nyingi mbele ya kuleta hata tofari moja. Udongo unatazamwa rangi, unanuswa, unaonjwa kwa ulimi, unachimbwa, unamiminiwa maji, unalimwa na kupandwa mbegu. Ni sawa daktari na mugonjwa wake.

Jaribu linalojulikana zaidi ni la shimo. Wanachimba katikati ya kiwanja shimo la mukono mumoja kila upande na mukono mumoja kwenda chini. Mukono ni tangu kiwiko mpaka ncha ya kidole kirefu, karibu sentimeta 45. Kisha wanarudisha ule udongo wote ndani ya shimo lake. Udongo ukibaki juu, kiwanja ni kizuri. Ukienea sawasawa, ni cha katikati. Ukipungua na shimo lisijae, kiwanja ni kibaya, mutu aende zake.

Wengine kati yetu walisema huo ni uchawi tu. Lakini tufikiri kidogo. Udongo uliolala pahali pake miaka na miaka umeshindiliwa na uzito wake mwenyewe na mvua nyingi. Ukiuchimba unavunjikavunjika, hewa inaingia kati ya vipande, na sasa unaomba pahali pakubwa kuliko mbele. Ndiyo maana unabaki. Lakini udongo uliotupwa pale juzi kufunika shimo la takataka ao la choo, ao ule uliojaa majivu, mizizi iliyooza na matundu ya muchwa, huo ulikuwa na uwazi ndani yake tangu mwanzo. Ukiurudisha na kuukanyaga kidogo, unashuka. Nyumba nayo itashuka vile, upande mumoja mbele ya mwingine, na ukuta utapasuka kutoka dirisha mpaka juu. Varahamihira hakuwa na mashini wala laboratwari. Alikuwa na jembe na macho.

Jaribu la maji ni ndugu yake. Shimo lilelile linajazwa maji, mutu anatembea hatua 100, kisha anarudi. Kama maji yangali yamejaa, vema. Kama yamenyonywa yote kwa wakati ule mufupi, chini kuna muchanga mutupu ao mapango. Hapa tunapashwa kusema ukweli wote: jaribu hili linaweza kudanganya. Katika Deccan, ndani ya India, iko udongo mweusi unaoitwa regur, muzuri sana kwa pamba. Huo unashika maji vizuri, jaribu unalishinda. Lakini wakati wa mvua unavimba, wakati wa jua unakauka na kupasuka nyufa ambazo mukono unaingia, na nyumba iliyo juu yake inapasuka pamoja nao. Kwa hiyo mutu asiulize udongo swali moja tu. Wenye vitabu walijua hivyo, kwani wanaagiza vilevile kutazama nyufa, vichuguu, na vitu vinavyotoka wakati wa kuchimba. Mifupa, makaa, majivu, makapi ya mbegu: hivi vyote ni alama mbaya. Unaweza kuviogopa kama mikosi. Unaweza vilevile kusema kwa urahisi kwamba pahali penye mifupa palikuwa kaburi, na pahali penye majivu na makapi palikuwa jalala, na kwamba hakuna anayependa kulaza watoto wake juu ya jalala la watu wengine.

Kisha kiwanja kinalimwa na kupandwa mbegu. Zikiota kwa usiku tatu ni vema sana, kwa usiku tano ni vema kidogo, kwa saba ni pabaya. Ng'ombe wanaletwa kula mimea ile. Tena, mbele ya kuanza, mwenye kiwanja anawaomba viumbe wote waliokaa pale, wanaoonekana na wasioonekana, wahame kwa amani wakatafute pahali pengine. Hilo lilitupendeza, hata kama hatuamini mambo yote yaliyo ndani yake. Mara ngapi mutu anakata muti wenye viota na hafikiri hata dakika moja!

Sasa pande za dunia. Hapa ndipo watu wengi wa India wa leo wanaanzia, na wengine wanaishia papo hapo. Kila upande una mwenyewe: mashariki ni ya Indra, kusini ni ya Yama mungu wa kufa, magaribi ni ya Varuna mwenye maji, kaskazini ni ya Kubera mwenye utajiri. Kati ya kusini na mashariki yuko Agni, maana yake moto, na ndiyo sababu jiko linawekwa pale. Kiwanja kinachopendwa ni kile kinachoshuka kidogo kidogo kuelekea mashariki ao kaskazini, na kilicho juu upande wa kusini na magaribi. Wanasimulia hadisi ya kiumbe kimoja kikubwa sana kilichosumbua mbingu na dunia, miungu wakakiangusha kifudifudi na kila mumoja akakikalia pale alipokishika. Kichwa kiko kaskazini-mashariki. Juu ya mwili wake kiwanja kinagawanywa katika vyumba vidogo vya muraba, 64 ao 81, na miungu 45 wanakaa ndani yao. Katikati ni pa Brahma, hapajengwi kitu kizito. Nyumba za zamani za Kerala ziko vile: vyumba pande zote ine, na uwanja wazi katikati, hewa na mwangaza vinashukia pale.

Ukiweka miungu pembeni, jua linabaki. India yote iko kaskazini ya ikweta, tangu karibu daraja 8 mpaka karibu 37. Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la saa sita linapita upande wao wa kusini, na mangaribi joto linapiga ukuta wa magaribi. Ukifungua nyumba kwa mashariki na kaskazini unapata mwangaza wa asubui, huku joto linabaki nyuma ya kuta nzito. Tena katika Kerala mvua kubwa inatoka baharini upande wa kusini-magaribi, karibu na mwanzo wa Juni. Pembe iliyo juu na ukuta munene upande ule, maji yanatiririka kwenda upande mwingine: hii si hadisi, ni nyumba iliyo kavu.

Lakini jua halikai pahali pamoja kwa watu wote. Kule Lubumbashi, kwa daraja karibu 12 kusini ya ikweta, jua la saa sita linapita upande wa kaskazini kwa miezi karibu nane ya mwaka. Mutu wa kule akifuata sheria ya India bila kufikiri, ataweka madirisha yake makubwa sawasawa mbele ya jua. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua linagawanya mwaka, nusu upande huu, nusu upande ule. Basi sheria ni ya inchi yake.

Kujua mashariki ya kweli bila busola, wenye vitabu hawa wanafundisha njia moja tuliyoipenda kuliko zote. Unasimamisha kijiti kilichonyoka katika pahali pa tambarare, unachora duara, kijiti kikiwa katikati. Asubui kivuli ni kirefu, ncha yake iko inje ya duara. Jua likipanda, kivuli kinafupika mpaka ncha inagusa duara: pale unatia alama. Kisha saa sita kuisha, kivuli kinaanza kurefuka tena, na ncha inagusa duara upande mwingine: alama ya pili. Vuta uzi kutoka alama ya kwanza mpaka ya pili. Uzi ule unalala magaribi na mashariki. Tulifanya hivyo mbele ya bendera siku isiyo na mawingu, na tulipoleta busola ya mwalimu wa fizika zilikaribiana sana. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walidhani tunacheza muchezo wa vijiti.

Na zile pembe tatu? Vitabu vinasifu kiwanja cha muraba ao cha muraba murefu. Vinakataa pembetatu, sura ya upinde, sura ya gari la ng'ombe, sura ya ungo. Viwanja vilivyopanuka upande mumoja wanavigawanya namna mbili. Chembamba mbele, kipana nyuma, kinaitwa uso wa ng'ombe, na ni kizuri kwa nyumba ya jamaa. Kipana mbele, chembamba nyuma, kinaitwa uso wa simba, na ni kizuri kwa duka. Hapo tulielewa kwamba kuna akili ya mufanya biashara: duka linataka mulango mupana kwa barabara, nyumba inataka mulango mudogo na uwanja mukubwa nyuma kwa watoto na kuku. Kwa pembetatu, jaribuni wenyewe kuchora nyumba ya pembe ine ndani yake. Pembe zote tatu zinabaki bure, hazifai hata kwa banda la mbuzi. Yule mwenye kuuzisha viwanja alikuwa anauzisha pembe zile kwa bei moja na katikati. Basi tulipofika hapa, kicheko chetu kilihama kutoka kwa Muhindi kwenda kwa yeye.

Tunapashwa sasa kusema jambo ambalo halikutuchekesha. Zile rangi za udongo, katika vitabu vilevile, si za kupima nguvu yake tu. Udongo mweupe wenye harufu ya samli ni wa Brahmana, wenye kazi ya ibada na elimu. Mwekundu wenye harufu ya damu ni wa watawala na askari. Wa manjano ni wa wafanya biashara. Mweusi wenye harufu ya pombe ni wa watumishi. Hata muteremko uligawanywa: kila ukoo na upande wake, lakini Brahmana anaweza kukaa popote. Wanatia taa ya tambi ine ndani ya shimo, na tambi itakayowaka zaidi inaonyesha kiwanja ni cha cheo gani. Na wale waliohesabiwa kuwa chini ya watu wote walikaa inje ya kijiji, hakuna aliyewauliza harufu ya udongo wao. Udongo haujui cheo cha mutu. Regur inapasua ukuta wa Brahmana sawasawa na ukuta wa mufagiaji. Katiba ya India, iliyoanza kazi tarehe 26 Januari 1950, inakataza kumubagua mutu juu ya ukoo wake, na kifungu cha 17 kiliondoa kabisa desturi ya kuwaita watu wasioguswa. Kwa maoni yetu, mutu anayetaka kufuata vastu leo anapashwa kuacha ukurasa ule nyuma.

Woga vilevile ni biashara. Kule India parseli inayotazama kusini inaogopwa na wengi, juu ya yule Yama, na kuna watu wanaouzisha dawa za kiwanja kibaya: vipande vya shaba, piramidi ndogo za kuzika katika pembe. Jamaa masikini iliyojinyima miaka kumi kupata kiwanja kimoja, ikiambiwa ni cha kufa, itafanya nini? Hata wakubwa wanaingia. Katika jimbo la Telangana waziri mukuu wa jimbo, K. Chandrashekar Rao, aliona kwamba nyumba za serkali yake katika Hyderabad hazikupatana na vastu. Zilibomolewa katika mwaka wa 2020, na nyumba mupya, kubwa na nzuri sana, ilifunguliwa tarehe 30 Aprili 2023. Katika Desemba ya mwaka uleule alishindwa katika uchaguzi. Hatuongezi neno.

Wajenzi wa zamani walijua kupindisha sheria kuliko watu hawa. Muji wa Jaipur ulianzishwa katika mwaka wa 1727 na mufalme Sawai Jai Singh II, pamoja na mujuzi Vidyadhar Bhattacharya, na wengi wanaona katika mupango wake ile miraba tisa ya vastu. Lakini mulima ulikuwa umesimama kwa pembe ya kaskazini-magaribi. Hawakupigana nao. Ule muraba waliuhamisha upande mwingine, kwa mashariki, na mpaka leo ukitazama karta ya muji unaona sura yake haiko kamili.

Ni ule mulima tuliousahau sisi, na unasahauliwa na wengi wanaopima uwanja wao peke yake. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Julai 2024, katika wilaya ya Wayanad, ndani ya Kerala yenyewe, inchi ya mafundi wa vastu, mvua nyingi iliangusha kilima juu ya vijiji vya Mundakkai na Chooralmala. Watu zaidi ya 200 walikufa. Udongo wa chini ya nyumba zao unaweza kuwa ulishinda kila jaribu la shimo. Kifo kilitoka juu, kilomita kadhaa mbali, kikifuata njia ya muto. Sisi wa Kivu hatuhitaji maelezo marefu, tangu Bushushu na Nyamukubi katika Mei 2023. Kwa hiyo katika daftari letu, kando ya majaribu ya Wahindi, tumeandika mengine mawili: kupanda juu ya kiwanja kutazama kitu gani kinaning'inia kule, na kuwauliza wazee maji yalipita wapi siku ya mvua kubwa kuliko zote wanayoikumbuka.

Mwishoni tulichimba. Mwalimu alipata ruhusa kwa Prefe, na siku ya posho moja tulichimba mashimo mawili ya mukono mumoja. La kwanza karibu na bustani ya mboga. Tulirudisha udongo, tukaukanyaga, na kulibaki karibu beseni nzima. La pili tulilichimba nyuma ya chumba cha maseremala, pale matofari yamepangwa kwa ajili ya nyumba ya mulinzi wa usiku. Tulirudisha udongo wote, tukafagia hata ule uliobaki kati ya majani, na shimo halikujaa. Kulipungua kitanga kizima cha mukono. Tulidhani tumekosea, tukachimba lingine hatua tano mbali. Lilipungua vilevile.

Muzee anayechunga bustani alikuwa amesimama anatutazama tangu asubui, ameegemea jembe lake. Alituuliza tunatafuta nini. Tulipomueleza, alisema: «Mungeniuliza mimi. Pale palikuwa shimo la kufyatulia matofari ya masomo haya. Tulilijaza takataka miaka mitatu.»

Prefe amekuja kutazama mwenyewe. Siku ya posho inayokuja, kiisha kufagia, wanafunzi wa mwaka wa tano na wa sita watahamisha matofari kwenda upande wa bustani. Wenye mukokoteni waje nao.